Nestori na Kiroba cha Kutu

Fundi Nestori alikuwa na desturi moja ambayo watu wa Kasulu waliizoea hadi wakaacha kuiona: hakuzungumza bei kwenye simu. Ukimpigia kuuliza gari limefikia wapi, atakujibu. Ukimuuliza rangi, atakueleza mpaka salio lako liishe. Lakini ukifika kwenye pesa atasema, "Njoo tuonane, au mtume mtu wa nyumbani kwako," halafu anakaa kimya mpaka ukate. Alisema simu ina mtandao, na mtandao ukikatika kila mtu anabaki na bei yake.

Naandika habari zake kwa sababu kuna mwaka mtu wa nyumbani aliyetumwa alikuwa mimi.

Alizaliwa Nyabibuye, mtoto wa tano wa wakulima wa maharage na ndizi, akasoma mpaka darasa la nne. Alipokuwa kijana wakimbizi wa Kongo walikuwa wameanza kuingia Nyarugusu, naye akaenda huko kutafuta kibarua cha kubeba maboksi. Akamkuta Jean, mzee wa Uvira, aliyekuwa akinyoosha milango ya magari ya misaada kwa nyundo mbili, moja ya chuma na moja ya mti. Wakongo walimwita tolie, na Nestori hakuwahi kuniambia maana yake zaidi ya kusema, "Tolie ni yule anayeongea na bati."

Jean alimfundisha kugonga kabla ya kupiga. Unakunja kidole, unagonga bodi taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Bati inasemaka, weye sikia tu," ndivyo Jean alivyomwambia. Bati zima linalia juu. Mahali palipojazwa puti, ule unga mzito wa kuzibia mabonde ya bodi, panalia chini, kama gunia. Nestori alijifunza kuusikia mlio huo kiasi kwamba baadaye madereva walimtania eti anapima magari malaria.

Jambo la pili Jean alilomfundisha ni kiroba. Kila kilichokatwa kwenye gari la mtu, hata kiwe kimeoza vipi, kiliwekwa kwenye kiroba na kurudishwa kwa mwenyewe siku ya kuchukua gari. "Ya mutu ni ya mutu, ata kutu," alisema. Jean alipoondoka kambini kwenda kuishi nchi za mbali, alimwachia Nestori nyundo zote mbili. Nestori akaja Kasulu mjini, akazungushia mabati makuukuu kiwanja kidogo kando ya barabara iendayo Kibondo, na mkewe Esteri akaweka benchi langoni la kuuzia chai na mihogo ya kuchemsha.

Kwa miaka mingi walikula vizuri kwa magari ya mashirika. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, magari hayo yakapungua, na Nestori akabaki na pikapu za wafanyabiashara na Hiace za abiria. Ndipo akawa wa kwetu.

Baba yangu, Abdalah, ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo. Mama yake alitoka Tanga, na mpaka leo baba huongea Kiswahili cha kunyoosha maneno, tofauti na majirani ambao Kiha kinawatoka hata wanapopanga bei. Mwaka 2011 alinunua Mwanza pikapu nyeupe, na kila aliyekuja dukani aliambiwa kwamba gari lile halijawahi kuguswa na nyundo.

Mimi nilimaliza chuo Dodoma mwezi wa saba mwaka 2013. Nilikuwa nasubiri ajira ya ualimu, na wakati nasubiri nilikaa Kasulu kwa shangazi Yasmini, mwenye duka la vitenge karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta. Nilikaa huko na vitabu vyangu, na mteja akiingia niliomba kimoyomoyo shangazi awe karibu ili nisiongee mimi. Ndivyo nilivyo. Nikiwa na watu zaidi ya watatu ulimi wangu unalala.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi Saady, dereva wa baba, alikuwa akipeleka saruji Mabamba. Akakutana na lori kwenye daraja jembamba, akajibana kulipisha, na ubavu wote wa kushoto wa pikapu ukasuguana na ukingo wa daraja. Kibondo hapakuwa na mtu ambaye baba angemwamini kwa rangi, kwa hiyo gari likaletwa Kasulu kwa Nestori. Walikubaliana laki sita, kazi na rangi. Baba akatoa tatu, akarudi Kibondo kwa basi.

Siku ya nne Nestori alikuja dukani mwenyewe. Alisimama nje, hakutaka kukanyaga sakafu ya shangazi kwa ndala zenye grisi.

"Mwalimu," aliniita, ingawa sikuwa bado mwalimu wa mtu yeyote. "Njoo uone kitu."

Nilimfuata. Pikapu ilikuwa imevuliwa mlango. Nestori alikunja kidole akagonga juu, bati likalia. Akagonga chini, pale bodi inapopinda kuingia uvunguni, pakanyamaza. Kisha akanionyesha alipokwangua. Puti ilikuwa nene kama kidole changu cha gumba. Nyuma ya puti kulikuwa na wavu wa dirisha, na nyuma ya wavu karatasi za gazeti zilizogandishwa kwa gundi. Nyuma ya karatasi hapakuwa na kitu ila kutu. Pembeni ya kutu, chini ya rangi nyeupe, kulikuwa na rangi ya kijani.

"Hili gari lilikuwa la kijani," alisema. "Na liliwahi kulala ubavu. Waliomuuzia mzee walificha hayo."

Alinipa kipande nikishike. Kilimegeka mkononi kama biskuti iliyolowa. Kiganja kikawa cha kahawia, na nilipojifuta nikaacha alama kwenye pindo la mtandio wangu.

"Sasa sikiliza, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kiha, na hapo akaongea polepole kama mtu anayepanga matofali. "Nikiziba kama walivyoziba wenzangu, mzee atafurahi, na mvua mbili tatu zikipita hapa patafunguka tena. Nikikata nikachomelea bati jipya, ni laki tatu na nusu juu ya ile sita. Mwambie mzee. Akitaka nizibe, nitaziba kwa bei ile ile, lakini ajue nimeziba. Nikisikia kwake ndiyo nanunua bati."

"Nitamwambia," nilisema.

"Najua. Kila nikipita hapo kwenu nakuona na kitabu. Mtu anayesoma hivyo hasahau neno."

Jioni ile baba alipiga simu. Nilikuwa nimeikalia hiyo simu tangu alasiri, nimepanga maneno. Lakini nilikuwa na jambo langu pia. Mahafali yalikuwa mwezi wa kumi na moja, na nilihitaji laki moja na themanini: nauli ya kwenda na kurudi Dodoma, ada ya joho, na picha. Nilikuwa nimekaa wiki mbili bila kuthubutu kuomba, maana baba alishauza kiwanja kwa ajili ya mwaka wangu wa pili. Nikawaza: nikianza na habari ya gari, ombi langu limekufa. Nikaanza na ombi langu.

Baba akacheka. "Nina watoto sita, na joho limeingia kwako peke yako. Utakwenda. Nitaongeza na ya viatu."

Nikasema ahsante baba, Mungu akubariki.

"Na gari je?"

"Linaendelea vizuri."

Hivyo tu. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia furaha yake haijapoa, nisiimwagie maji. Jumatano Nestori alipita barabarani na baiskeli. Dukani kulikuwa na wanawake wanne wanachagua vitenge, shangazi anawapimia.

"Mwalimu! Mzee amesemaje?"

Wanawake wote wanne waligeuka kunitazama. "Sawa," nilisema.

"Amekubali?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akainua mkono, akapanda baiskeli, akaenda kukopa bati.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea mbele ya nafsi yangu kwamba lile halikuwa neno, lilikuwa kichwa tu. Sijawahi kufaulu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata baba alikuja na Saady kuchukua gari. Jumamosi ndiyo siku gereji inapojaa. Madereva huja kutwa nzima, wenye kazi na wasio na kazi, kwa ajili ya chai ya Esteri. Mimi nilisimama karibu na benchi lake nikiwa nimeshika mkoba wa baba.

Gari lilikuwa limependeza. Baba alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja ubavuni.

"Mashallah, fundi. Hata mimi sipaoni palipoumia."

"Ahsante mzee. Basi tumalizie ile iliyobaki. Laki sita na nusu."

Baba alitabasamu. "Fundi, umeanza utani na wateja?"

"Si utani. Tatu zilizobaki, na tatu na nusu za bati la chini."

"Bati gani la chini?"

"Lile nililomtuma binti yako."

Kwenye benchi alikuwapo Makarius, dereva wa Hiace ya Kibondo, mtu asiyeweza kukaa karibu na ugomvi bila kuutia chumvi. "Leo fundi kakutana na mwenye duka," alisema kwa sauti. "Wote wawili mabingwa wa kuongeza bei. Esteri, nipe chai nyingine, hii siondoki!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nestori akaenda kwenye kibanda chake, akaleta kiroba, akakimwaga mbele ya miguu ya baba. Vikaanguka vipande vya bati lililoliwa, wavu, na mabonge ya puti.

"Hii ndiyo iliyotoka kwenye gari lako, mzee. Ni mali yako."

Baba alikigusa kipande kimoja kwa ncha ya kiatu. "Gari langu ni jeupe. Haya ni ya kijani."

"Lilikuwa la kijani kabla halijawa jeupe."

"Unaniambia mbele ya watu kwamba mimi Abdalah nilinunua mkweche?"

"Sisemi hivyo mzee. Nasema lililokuwa ndani."

"Miaka ishirini na saba nauza saruji, sijauza mfuko mmoja kwa bei mbili. Wewe unaokota takataka za magari ya watu unanimwagia miguuni, unaita ushahidi. Huu ni wizi, fundi. Wizi wa mchana!"

Neno wizi lilipotoka, madereva waliacha kucheka. Esteri aliweka birika chini. Nestori pekee ndiye aliyebaki ametulia. Alinitazama kama mtu aliyeweka akiba mahali salama na sasa anakwenda kuichukua.

"Muulize binti," alisema. "Alishika kwa mkono wake."

"Asmahani!"

"Abee baba."

"Huyu amekutuma kwangu habari ya laki tatu na nusu?"

Watu kama kumi na watano walikuwa wananitazama. Ningesema ndiyo, na mambo yote yangefunguka hapo hapo, mahafali na simu na kile kichwa nilichotikisa Jumatano. Nikasema, "Alinionyesha gari, baba. Lakini sikumbuki kama alitaja bei."

Lilikuwa jibu zuri. Chuoni tulifundishwa kutosema zaidi ya tunachoweza kuthibitisha, na mimi niliichukua adabu hiyo nikaitumia kumzika mtu. Nestori hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu, ule nilioshikia mkoba.

"Ego," alisema. Kwa Kiha ni ndiyo tu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni. "Mzee, nipe zile tatu. Nenda na gari lako."

"Na hizo nyingine?"

"Nenda na gari lako."

"Umeona!" Makarius alipaza sauti. "Mwenye haki anaachia laki tatu na nusu hivi hivi? Fundi Ongeza huyo!"

Baba alilipa, akaingia garini, na kiroba akakiacha pale chini. Tulipotoka langoni nilimwona Nestori kwenye kioo cha pembeni, amechuchumaa, anakusanya vipande kimoja kimoja na kuvirudisha ndani.

Nilikwenda Dodoma. Nilivaa joho. Katika picha nimetabasamu, na ukiitazama huwezi kujua chochote.

Niliporudi Kasulu jina lilikuwa limeshashika. "Umepeleka kwa Ongeza?" watu waliulizana wakicheka. Karibu na stendi ilifunguliwa gereji nyingine, na Hiace zikahamia huko. Shangazi Yasmini aliniambia, akiwa anakunja vitenge, kwamba Nestori ameuza kompresa yake ya kupulizia rangi ili alipe bati alilokopa. "Maskini, alikuwa mtu mzuri kabla ya tamaa kumwingia," alisema. Nikainama kwenye kitabu nisione hata herufi moja. Nikawa napita njia ya nyuma ya soko, ndefu na yenye matope, ili nisipite mbele ya gereji.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Kibondo. Baba alikuwa ameitia picha yangu kwenye fremu na kuitundika dukani, juu ya misumari na makufuli. Siku ya pili aliingia mteja akalalamikia bei ya nondo, na baba, kwa kuchangamsha, akaanza kumsimulia habari ya fundi wa Kasulu aliyetaka kumwibia. Alisimulia vizuri. Alipofika mwisho alinyoosha kidole kwenye picha. "Shahidi wangu huyo hapo. Nisingekuwa na mtoto aliyesoma, ningelizwa."

Nilikuwa nyuma ya mifuko ya saruji. Saady, aliyekuwa akipakia, alinikonyeza kunipongeza. Kutoka hapo nilielewa kwamba hadithi ile ilikuwa inasimuliwa kila siku, na kila siku picha yangu inaapa.

Mteja alipoondoka nikasema, "Baba, alinituma."

"Nani?"

"Nestori. Alitaja bei. Alinionyesha. Alisema akisikia kwako ndiyo ananunua bati. Mimi nikamjibu kwamba umekubali."

Baba alizima redio. Akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Saady akatafuta kisingizio akatoka nje.

"Ile laki na themanini uliiomba siku gani?"

"Siku ile ile aliyonituma."

Akaelewa. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alisema tu, "Ungeniambia, pengine ningekataa. Sikufichi. Lakini ningekataa mimi, kwa mdomo wangu, na yule mtu angeziba akalala usingizi." Kisha akainuka, akaitoa ile picha ukutani, akaiweka chini ya kaunta akiigeuzia uso ndani. Alifanya taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jioni alinipa bahasha yenye laki tatu na nusu. Nikamsihi twende wote.

"Hapana. Mimi nilimwita mwizi kwa sababu ya neno lako. Nikienda mimi watasema Abdalah amehongwa au amerogwa. Nitakwenda, lakini baada yako. Neno lako litangulie."

Nilirudi Kasulu, nikachagua asubuhi ya Jumanne, saa ambayo gereji haina mtu. Nilitaka kumaliza jambo bila macho ya watu. Nestori alikuwa anapiga msasa mlango wa trekta kwa mkono. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaeleza yote, nikiangalia chini, nikamnyooshea bahasha kwa mikono miwili.

Hakuipokea.

"Mwalimu, sikuchukii," alisema. "Lakini wewe nilishakutuma mara moja. Sasa unaniletea pesa, na hapa tupo wawili. Kesho nikisema nimelipwa, nitamwambia nani? Na nikisema sikuwa mwizi, nani alisikia?"

"Nifanye nini?"

"Mimi sijui. Siku ile watu walikuwapo." Akarudi kwenye msasa wake.

Esteri alinisindikiza mpaka langoni. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nimekunywa chai, nami nikasema ndiyo, na huo pia ulikuwa uongo.

Jumamosi nilikwenda. Hiace nyingi zilikuwa zimehama, lakini chai ya Esteri haikuhama, na madereva walikuwa pale pale kwenye benchi, Makarius katikati yao. Nilisimama mbele yao nikiwa nimeshika bahasha. Nikasikia mtu anasema, "Anauza nini huyu?"

"Mimi ni binti wa Mzee Abdalah wa Kibondo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi nianze tena. "Siku ile ya kiroba nilisema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Fundi alinituma habari ya laki tatu na nusu, na mimi sikuifikisha. Alipokuja kuniuliza nikamwambia baba amekubali. Baba hakuwa anajua lolote."

Makarius akauliza: "Kwa nini sasa?"

Nilikuwa nimeandaa kila kitu isipokuwa hilo. "Nilikuwa nataka hela ya joho," nilisema.

Mmoja akacheka puani. Makarius akapiga paja. "Kumbe! Fundi kauza kompresa ili mwenzake apige picha na kofia ya pembe nne! Jamani, chuo wanafundisha na hilo?"

Benchi zima likacheka, na kicheko kile kilikuwa changu kwa haki, nikakipokea nimesimama. Nestori alitoka kibandani. Kiroba alikuwa nacho bado, kimefungwa kamba, kimeandikwa kwa rangi kwa mkono wa mtu wa darasa la nne: ABDALA. Nikakifungua mwenyewe. Nilitafuta mpaka nikakipata kile kipande, ukingo wake una alama ya mahali kilipomegeka kidoleni mwangu, kijani chini, nyeupe juu.

"Hiki ndicho nilichokishika," nilisema, nikampa Makarius.

Makarius alikigeuzageuza. Dereva hahitaji kuelezwa rangi mbili kwenye bati moja. Alikipitisha kwa jirani yake, kikaenda benchi zima kama picha ya harusi.

"Haya, fundi," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Tulikuita Ongeza."

"Mliniita."

"Basi tumesikia."

"Kama mmesikia, na wewe lipia bampa yako ya mwezi wa tisa," Nestori alijibu, na hapo ndipo kicheko kilipomwacha kila mtu na nafuu kidogo, isipokuwa mimi. Alipokea bahasha mbele yao. Akamwomba Makarius, wala si mimi, ahesabu.

Baba alikuja wiki iliyofuata kama alivyoahidi. Aliomba radhi mbele ya benchi lile lile, wakanywa chai, na kabla hajaondoka akachukua kiroba chake akakipakia kwenye pikapu. Kipo mpaka leo dukani Kibondo, nyuma ya mifuko ya saruji. Picha yangu haikurudi ukutani, wala sikuuliza.

Kazi zilimrudia Nestori kidogo kidogo. Kompresa haikurudi, hukodi ya mtu kwa siku. Jina la Ongeza lilififia, ingawa wapo wanaolitumia bado bila kujua lilitoka wapi. Lakini ile desturi yake ilibadilika. Pembeni ya lango sasa kuna ubao: BEI MWENYE GARI AJE MWENYEWE. Habari ya mtu wa nyumbani imeondoka. Watu wa mbali hulalamika, maana kutoka Mabamba mpaka Kasulu kwa ajili ya kusikia bei ni siku nzima. Wanasema fundi amekuwa na maringo. Mimi nikiwapo huwaambia si maringo, na nikiulizwa ni nini, huwaeleza.

Ajira yangu ilitoka mwaka 2014, nikapangiwa sekondari moja ya kata upande wa Kagerankanda. Kila mwisho wa wiki nikija mjini hupita kwa Esteri kunywa chai. Nilijilazimisha mwanzoni; sasa ni mazoea. Nestori hunisalimia, huniuliza habari za wanafunzi, na hucheka nikimwambia majibu yao ya mitihani. Mtu akituona atadhani hakuna kilichowahi kutokea.

Jumapili moja ya mwaka huu wa 2015 nilikuwa kwenye benchi nasubiri bodaboda ya kunirudisha shuleni. Esteri alikuwa na mbegu za maharage alizokubaliana na mwanamke mmoja wa Kagerankanda, Immakulata, jirani yangu kabisa. Nyumba yake naiona nikifungua dirisha.

"Mwalimu si anakwenda huko huko?" Esteri alisema. "Amwambie tu kwamba bei imekuwa elfu mbili kwa kilo, akitaka tumpelekee."

Nestori alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Sauti ilitoka huko chini, ya upole, bila kusudi la kumuumiza mtu.

"Usimsumbue Mwalimu. Nitakwenda mwenyewe kesho."

Esteri akanimiminia chai nyingine ambayo sikuiomba. Nikainywa.

Kesho yake, kipindi cha pili, nikiwa ubaoni, nilimwona kupitia dirishani anapita barabara ya vumbi na baiskeli yake, shati limeloa jasho mgongoni. Aliniona. Akapiga kengele mara moja, akainua mkono, akaendelea na safari yake ya kwenda kusema neno moja.